Magoti ya Sultani

Nakumbuka asubuhi moja nilipojifanya daktari wa farasi, mimi ambaye hata mbuzi wa jirani alikuwa akinitisha. Mwanangu, nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu, nikapata kazi ya kugawa pumba katika zizi la farasi wa gwaride, upande wa Makindye. Cheti changu nilitembea nacho mfukoni, eti nisije nikaulizwa nikakosa cha kuonyesha. Wakati ule wanajeshi ndio serikali, wao ndio mahakama.

Mtunza farasi alikuwa Mzee Farajala. Alilala karibu na farasi kuliko karibu na mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Kipenzi chake, Sultani, alikuwa amezeeka. Asubuhi alitoka zizini kwa hatua fupi, amekakamaa kama meza, kisha akitembezwa kidogo analainika. Mimi nikaamua kwamba ni mvivu.

Akaja ofisa mmoja, anataka kesho yake Sultani aruke vizuizi mbele ya wageni. Mzee akasema, "Afande, huyu viungo vimekwisha. Kutembea ataweza. Kuruka, hapana."

Ofisa akanigeukia. "Wewe kijana ya shule. Hii farasi iko mgonjwa?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Uvivu tu, afande. Akipata joto atakimbia."

"Mzee, wewe nadanganya serikali?"

Akamwamuru Mzee aruke kichurachura kuzunguka uwanja. Mzee wa mvi, mwenye wajukuu, ameshika masikio anaruka, magoti yanalia, askari wanacheka! Mpaka leo damu inanichemka. Mtu aliyesema kweli ndiye anayerukishwa, na mwongo amesimama kivulini na cheti chake.

Kesho yake Sultani aliruka kizuizi cha kwanza. Cha pili akatua vibaya, mguu wa mbele ukakunjika, hakusimama tena. Walimpiga risasi kabla wageni hawajamaliza chai. Na ofisa hakuulizwa na mtu.

Jumamosi Mzee Farajala akaniita kwake. Nikajua naenda kutukanwa. Kumbe alikuwa amenunua katika soko la Nakasero miguu miwili ya kupikia mulokoni, ule mchuzi wetu wa kwato: mmoja wa ndama, mwingine wa ng'ombe mzee. Akaipasua kwenye maungio kabla ya kuitia sufuriani.

"Pitisha kidole," akaniambia.

Kwa ndama, gegedu linalofunika ncha ya mfupa lilikuwa nene, jeupe, linateleza. Kwa ng'ombe mzee lilikuwa jembamba, la manjano, lina mikwaruzo, na mahali pengine mfupa uko wazi kabisa.

"Farasi ni hivyo hivyo," akasema, huku anajisugua goti. "Akiwa mdogo, gegedu lina maji, linapokea kishindo. Miaka ikienda linakauka, linakuwa gumu, linachanika. Na likichanika haliponi. Asubuhi anakakamaa kwa maumivu, siyo uvivu. Ukiona amelainika usidhani amepona. Amevumilia."

Hakunitukana. Akanipakulia sahani. Ningefurahi zaidi kama angenichapa.

Basi, mwanangu, ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, hata kama anayeuliza ana bunduki. Anayemjua farasi kwa mikono yake, mwache aseme, na wewe funga mdomo na cheti chako. Wala usimpime mzee, awe mnyama au mtu, kwa jinsi unavyoruka wewe kutoka kitandani asubuhi. Mungu akupe magoti ya kukufikisha uzeeni, na ulimi usiomwangusha mtu njiani.

Mimi siku hizi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na lazima kwanza niyabembeleze magoti. Hapo barazani juzi nilimsimulia jirani yangu, Hajati Zaina, habari hizi zote, nikamlaani ofisa, nikamlilia Sultani mpaka kamasi. Akaweka chini kikapu chake cha samaki wa Ggaba, akanitazama.

"Miaka yote hii unamlilia farasi," akasema. "Na yule Farajala, ulimwomba radhi, au ulikula mulokoni wake tu ukaenda zako?"