Mama mkwe amegombana na sinema

Jamani, leo mama mkwe wangu amesimamisha ukumbi mzima hapa Karatu.

Binti yangu Neema, mwenye miaka tisa, ameigiza mzimu kwenye filamu iliyorekodiwa kule Endamarariek. Leo mchana ndiyo imeonyeshwa mara ya kwanza. Nikamwalika bibi yake.

Nikasahau kumwambia kwamba kwenye filamu mjukuu wake anakufa. 🙈

Basi mzimu ukaja dirishani, umelowa mvua, unatetemeka.

"Bibi, nifungulie. Nasikia baridi."

Yule bibi wa kwenye filamu akafunga komeo.

Hata mimi niliyemkaririsha Neema maneno hayo jikoni, nywele zilinisimama.

Mama mkwe akainuka.

"Wewe mama! Mfungulie mtoto!"

Watu wakacheka. Yeye alikuwa analia kweli.

Neema, aliyekaa pembeni yake, akamshika mkono. "Bibi, mimi niko hapa."

Mama mkwe akamfunika kwa shuka lake, akampakata mpaka mwisho wa filamu, Neema na miguu yake yote ile mirefu.

Tulipotoka, yule mwigizaji aliyecheza bibi akaja kumsalimia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akageuza uso. "Ungemfungulia kwanza."

Nisaidieni, hawa nawapatanishaje? 😂