Jiko Lisilo na Moshi

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Mtaa wetu mzima wa Bulla Pesa ulisema ameuawa na baridi. Uongo mtupu, na niliusikia nikiwa nimeketi mkekani, matiti yamejaa maziwa, nikanyamaza.

Nilikuwa katika arobaini yangu ya uzazi. Mama mkwe alitoka Kinna kuja kunitunza, na alinitunza kweli: supu, uji, maji ya moto. Ilikuwa miezi ya upepo, ule wetu wa kutia vumbi hadi kwenye chai. Akaziba kila tundu la chumba cha mabati kwa magunia na matambara, dirisha akalipigilia kadibodi. Asubuhi ya siku ya kumi na moja aliwasha jiko la makaa nje kama wafanyavyo wote, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza ndani.

"Mama, tuache mlango wazi kidogo," nikasema.

"Upepo umpige mtoto? Moshi uko wapi hapo? Nionyeshe."

"Si moshi, mama. Ni gesi ya sumu ya makaa. Haionekani."

Akacheka. "Haionekani, hainuki, na wewe peke yako umeiona! Shule hiyo!"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tukiwa cha pili, mwalimu alifungua chupa ya amonia mbele ya darasa, na sisi wa nyuma kabisa tukatokwa na machozi upesi. Akatuambia gesi haina umbo lake. Hujaza chombo chote inamowekwa, hadi pembeni. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama. Sasa chombo kilikuwa chumba changu, nami nikaona haya kubishana na mzazi aliyenipikia siku kumi. Nikajilaza na mtoto. Mama mkwe akafunga mlango akaenda sokoni.

Jirani ndiye aliyetukuta, baada ya kubisha hodi asijibiwe. Niliamka uani nikitapika, kichwa kinapasuka. Mtoto alikuwa mikononi mwa jirani, mashavu mekundu, mazuri. Nilidhani amelala.

Kwenye matanga mama mkwe alikuwa akijipiga kifua: "Ningeziba vizuri zaidi! Ningeziba!" Wanawake wakamwambia ni baridi, ni mapenzi ya Mungu. Nilimchukia. Nilijichukia zaidi.

Siku ya kuondoka alifunga mzigo wake akasema haendi Kinna. Anapitiliza Garbatulla kwa wifi yangu, ambaye alikuwa karibu kujifungua. "Huyu sitamwachia baridi. Nitaziba hata chini ya mlango."

Hapo nikamshika mkono, kwa nguvu, vile mtu hamshiki mkwe wake.

"Mama, si baridi. Ni jiko. Usiliingize ndani kwa wifi, hata likiwa halina moshi. Nilikuambia ukacheka."

Akaketi juu ya mzigo wake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukalala?"

"Nililala."

"Kwa nini hukunipigia kelele, mwanangu? Hata kunitukana! Ningekasirika tu."

Akajifunika uso kwa mtandio, akalia upya, na safari hii hakuna aliyekuja kumwambia ni baridi.