Ufa Uliorudi kwenye Dari ya Garaji

Dari ya garaji ya baba niliitengeneza mwenyewe, na kiangazi chote sikuweza kula bila kuiwaza. Sikufundishwa na fundi yeyote. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kubomoa na kurudia. Hapa Kasongo dari tunaiita plafo, na wengi hawaoni garaji inaihitaji ya nini. Baba alikubali kwa sababu moja tu: yeye hutambua ugonjwa wa injini kwa sikio, na mvua ikipiga mabati hasikii kitu. Pikipiki zilizofika hoi kutoka Salamabila na Wamaza zilikuwa zikisubiri mpaka mvua ikatike.

Nilipigilia fito za mwanzi chini ya boriti, nikazikandika kwa mchanga na sima, yaani saruji, nikalainisha mpaka mkono ukafa ganzi. Niliacha hata matundu mawili nadhifu ya kupitishia kamba, maana baba hutundika pikipiki kwenye boriti anapochomoa injini. Nilijisifu sana kwa matundu yale.

Kisha ufa ukatokea katikati, ukifuata boriti kubwa. Nikauziba kwa sima. Ukarudi. Nikauziba kwa sima nzito zaidi, ukarudi, safari hii na mdogo wake kando ya ukuta. Siku moja kipande kikadondokea ndani ya injini iliyokuwa wazi. Baba alikitoa kwa vidole, akakigeuza-geuza, akasema mvua za kwanza zikikuta plafo ingali inapasuka, ataivunja yote. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Garaji iko kando ya barabara na kila anayesubiri huinua macho. Ile ingevunjwa, ni nani angenipa nyingine ya kutengeneza?

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, kisha narudi tena. Lakini wasiwasi ukipewa kazi huona vizuri, na hilo nalisema bila aibu. Niliacha kuziba. Nikachukua udongo laini, nikaupaka kama utepe mwembamba kukatiza kila ufa, nikaketi kuvizia. Udongo ukikauka hauvumilii hata mtikisiko mdogo. Asubuhi tepe zote zilikuwa nzima. Joto la mchana halikuzigusa. Alasiri baba na fundi mwenzake wakapitisha kamba, wakavuta pikipiki juu, na utepe wa katikati ukakatika nikiutazama.

Hivyo ndivyo garaji zote za hapa zinavyofanya kazi. Boriti ikiwa tupu, ikipinda kidogo chini ya pikipiki haimdhuru mtu. Mimi niliipigilia plafo, kisha nikaiachia kazi yake ya zamani. Nilifikiria kamba itapita wapi; sikufikiria uzito utaenda wapi. Utepe wa kando ya ukuta ulichukua siku kadhaa kufunguka, polepole, bila kuguswa na mtu. Huo haukuwa wa kamba. Mti wa pembeni, ule unaoshika fito kando ya ukuta, niliuleta kutoka Lusangi ukiwa mbichi, nao ulikuwa ukikauka na kusinyaa.

Sasa nilijua. Lakini mtoto anamwambiaje baba yake kwamba kamba yake ndiyo inayobomoa? Nilikwenda kwa bibi, mama yake baba. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na kati ya wake wenza hao hakuna neno linalokatazwa.

"Mke mwenzangu, umekonda," alinipokea. "Bwana yetu hakupi chakula?"

Nilimweleza yote. Akabeba kiti chake mwenyewe mpaka garaji, akakiweka chini ya ufa kabisa, akaketi.

"Mama yako mudogo iko na shida," alimwambia baba, akinionyesha kwa kidevu.

"Shida gani?"

"Yeye anajenga, wewe unabomoa na kamba. Na anakuogopa, sijui kwa nini. Mimi nilikuzaa na sikuogopi."

Fundi mwenzake alicheka mpaka akaangusha spana. Baba alinigeukia.

"Na pikipiki nitatundika wapi? Kwa shingo yako?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Chini, baba. Nguzo zisimame chini, boriti ibaki na plafo tu."

Alipima sakafu kwa macho, kisha akaenda kutafuta jembe. Tulisimamisha nguzo mbili zenye panda, tukalaza gogo gumu juu yake. Halafu nikarudi kwenye nyufa. Ule wa katikati niliupanua kwanza, jambo lililoniuma moyo, nikatoa kila kilicholegea na kuulowesha maji. Nikaujaza udongo, mchanga na sima kidogo tu, maana sima tupu ni ngumu mno juu ya mwanzi unaocheza. Juu yake nikabandika vipande vya chandarua kikuukuu vilivyochovywa katika uji wa mchanganyiko uleule. Ule wa ukutani sikuuziba. Niliunyoosha kwa kisu, nikaufunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani tu, ili mti usinyae na kuvimba upendavyo. Kuacha ufa wazi chini ya kifuniko, kwa mtu kama mimi, ilikuwa kazi kuliko kuchimba mashimo ya nguzo.

Mvua ya kwanza ilikuta pikipiki ya mfanyabiashara mmoja wa Kabambare ikining'inia kwenye nguzo, injini ikinguruma. Juu, mabati yalikuwa yakipigwa. Chini, baba aliinamisha kichwa, akasikiliza, akataja kilichoharibika. Mteja akainua macho, akauliza plafo hiyo ni ya fundi gani.

Baba alininyooshea spana. "Huyu. Lakini kama unamuita kwako, usifunge kamba kwa boriti."