Mkono wa Ombui na Injini ya Mehul

Siku injini ilipomkata mkono kaka yangu, injini yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ilikuwa Mosocho, mwaka wa tisini na sita. Kaka yangu Ombui aliendesha mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Jioni alirudi ana unga mpaka kwenye kope, akikohoa. Alikuwa ameichoka kazi hiyo, wacha tu.

Halafu akaja Mehul, kijana wa mzee Subhash mwenye karakana Kisii mjini. Alileta parashuti yenye injini ya kubebwa mgongoni, na propela nyuma yake. Watu wa soko walisema kichwa chake si kizima. Ombui peke yake ndiye aliyeipenda.

Mehul akamwahidi kwamba siku itakayoruka, atamwombea kazi kwa baba yake. Basi kaka yangu akaanza kujiona ndani ya ovaroli safi. Na sisi nyumbani, msitucheke, tulimwona hivyo hivyo.

Kwenye kuwasha, Mehul hakuwa na mchezo. Injini inafungwa kwanza kwenye nguzo pale uwanjani. Kile kipira cha kuvuta petroli kinabonyezwa mpaka petroli ifike kwenye kabureta, basi. Aksileta, ile ya kuongeza mafuta, iwe imerudishwa kabisa, injini isije ikawaka kwa nguvu zote. Mtu asisogelee propela. Ndipo swichi, ndipo kamba.

Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha na injini ikakataa. Walikuwa wamebonyeza kipira kupita kiasi, petroli ikafurika. Mehul akafungua plagi, akaenda nayo kwenye gari lake kuikausha.

Ombui akabaki na injini.

Sasa, mashine ya kusaga ikimgomea, yeye huvuta mafuta mpaka mwisho, akafunga hapo kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili mikono yote ibaki ya kuzungusha hendeli. Akafanya vile vile. Akaifunga aksileta kwa ukanda ikiwa wazi kabisa, pale kwenye kabureta karibu na propela, ili hewa ipite ikaushe. Plagi haipo, hatari iko wapi? Angefungua kabla Mehul hajarudi.

Hapo jirani yetu Mokeira akamwita amsagie mahindi, ana wageni. Mashine iko ng'ambo ya uwanja tu. Akaenda, na kelele za kusaga zikaziba kila kitu.

Alipozima, akasikia ile injini nyingine ikinguruma.

Mimi nilikuwa uwanjani. Nilimwona akija mbio, unga ukimpukutika, hasemi neno. Mehul alikuwa amempa mgongo. Tulidhani ni furaha, imewaka hatimaye.

Akanyoosha mkono kwenye kabureta. Nyasi zilikuwa zimelowa. Akateleza.

Propela ilichofanya sitaeleza.

Hospitalini Mehul alikaa sakafuni nje ya wodi akilia bila aibu. Ombui alipopata fahamu, aliuliza kwanza kama Mehul ameumia. Nikamwita aingie.

"Nisamehe, Mehul," kaka akasema. "Ni mimi nilifunga ile kitu, nikasahau."

Mehul akatikisa kichwa.

"Niliona, Ombui. Niliutoa ule ukanda kabla sijawasha. Ilikuwa inazunguka polepole tu. Hakukuwa na shida."

Kaka yangu akageukia ukuta. Alikuwa amekimbilia hatari ambayo haikuwepo.

Kazi ya karakana ikafa hapo. Hata mashine ya kusaga alipewa mtu mwingine, maana hendeli ile inataka mikono miwili. Mehul aliuza injini yake akahama. Ombui hukaa mlangoni mwa mama tangu asubuhi, na ukimpelekea chai anaanza kuipokea kwa ule mkono usiokuwepo.

Wewe unayesoma, ukigusa mashine ya mtu, mwambie, hata ukiona aibu. Na ukikumbuka imeshawaka, usiisogelee. Simama mbali, piga kelele, mwenye swichi azime.

Kaka yangu angeita tu, Mehul angegeuka.