Neno Moja kwenye Karai la Risper

Hapa Suna hakuna anayemwita Okari kwa jina lake. Tunamwita Kamwe, kwa sababu kila chombo cha stenlesi alichokichomelea alikigonga maneno matatu kwa patasi: HAISHIKI KUTU KAMWE. Mwalimu Priscilla alimwambia karai huwa "halishiki". Akamjibu kwamba kutu haisomi ngeli.

Kibanda changu cha chai kimepakana na karakana yake, kwa hiyo namjua. Ni mtu asiyeweza kumaliza kikombe akiwa ameketi.

Mwezi wa pili Risper alikuja kutoka Rodi Kopany, anakopikia sukari guru. Alishusha karai lake kutoka kwenye pikapu, akamwaga maji ndani mbele ya watu. Karai lilikuwa liking'aa vizuri, lakini maji yalichuruzika chini kupitia vitundu vidogo vya kupitisha sindano.

"Fundi, uliniuzia feki. Hii stori itafika mpaka soko ya Homa Bay."

Okari alibandika sumaku kwenye karai. Ikaanguka. "Ona, mama. Sumaku haishiki. Ni original."

"Sasa original inavuja?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo Okari hakutulia. Alianza kuchomelea geti, akaliacha, akaja kuniuliza kama na mimi namwona mwizi. Nilimwambia hapana. Dakika kumi baadaye akarudi kuuliza tena.

Mwishowe alipanda pikipiki akaenda kumtazama Risper akipika. Maji ya kuoshea karai yalikuwa ya kisima, yenye chumvi. Sharubati ya miwa ilipochemka, Risper alitupia unga mweupe, kwa maana wateja wanataka sukari guru iliyopauka. Okari akanusa. "Nani amewasha kiberiti?"

Hakuna aliyekuwa amewasha. Harufu ilitoka karaini.

Alirudi na dumu la maji yale na kifuko cha unga. Alikata vipande vitatu vya bamba lile lile alilotengenezea karai, akavitia katika makopo matatu: maji ya chumvi, maji ya mvua yenye unga, na maji ya chumvi yenye unga. Kwa wiki tatu aliyachemsha kila siku kwenye jiko langu, mandazi yangu yakisubiri zamu. Nilinung'unika sana, lakini hakusikia. Vipande viwili vilitoka salama. Cha tatu kilikuwa kimetobolewatobolewa.

Priscilla, anayefundisha kemia, alikigeuza mkononi. "Stenlesi iko na ngozi nyembamba huwezi kuona. Ikikwaruzwa, inajifunga yenyewe. Chumvi inaitoboa, halafu salfa iliyo kwa huo unga, ile inanuka kiberiti, inazuia kidonda kupona. Shimo linaendelea kuchimbika."

Nilidhani Okari angeruka kwa furaha, maana hakuwa mwizi. Badala yake alikisugua kile kipande kwa kidole gumba.

"Basi sikumdanganya kwa chuma," alisema. "Nilimdanganya kwa neno."

Alimtengenezea Risper karai jingine na kumwambia achague: unga, au karai. Kisha akafunga mashine ya kusaga chuma kwenye pikipiki, akazunguka kote alikouza, hadi Kegonga, akifuta neno la tatu. Wengine walimfukuza wakidhani amerukwa na akili.

Sufuria langu lilikuwa la mwisho.

"Langu liache," nilimwambia. "Mimi napika chai tu, kwa maji ya mvua."

"Leo ni ya mvua, Mama Caren. Kiangazi je, ukichota ya kisima? Wiki tatu za kujaribu si kamwe."

Akawasha mashine yake. Alilifuta, cheche zikiruka hadi kwenye unga wangu wa ngano, na nilikasirika kweli, kwa kuwa nililipenda lile neno. Miaka tisa nilikuwa nikiwasomea wateja.

Alipokuwa akiondoka nilimwita, "Kamwe!"

Hakugeuka. Nikaita tena, bado akaendelea kwenda.

"Okari," nikasema kwa sauti ya chini.

Akageuka.