Nyumba Isiyo na Paa na Makochi Yangu

Vijana, nawajua. Mtasoma haya huku kidole kinatafuta kitu kingine. Tulieni kidogo. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini haya ya simu nimeyaona kwa macho yangu.

Jirani yangu ni mjane. Alichuma chai kwenye shamba kubwa miaka mingi, mpaka mashine za kuchuma zikaletwa na yeye akaambiwa aende nyumbani. Halafu upepo ukang'oa mabati yake. Akahamia jikoni kwangu na watoto wake, na mvua kubwa ilikuwa karibu.

Mjukuu wangu wa kike, anayeniita Kogo, yaani nyanya, akasema, "Kogo, tumchukue video tuweke mtandaoni. Watu wa mbali watamsaidia."

"Hao watu wataingia mpaka ndani kwake?"

"Wataona kila kitu, Kogo."

Basi hapo ndipo tulipokosea. Kwetu mgeni hapokelewi kwa aibu. Asubuhi mimi na akina mama wa kanisa tulifagia ile nyumba isiyo na paa, tukabeba makochi yangu mpaka huko, tukayatandika vitambaa vyeupe, tukapanga vibuyu vya maziwa. Jirani akavaa nguo ya Jumapili. Mjukuu alipofika na simu alishika kichwa, lakini nani angebishana na akina mama waliovaa sare? Akachukua video hivyo hivyo.

Jioni akatusomea majibu ya watu wa mtandaoni. "Huyo mama anaomba nini na makochi yake yanashinda yangu?" Mwingine: "Kama huo ndio umaskini, na mimi nipewe." Tulicheka, mpaka tukaona jirani hacheki.

"Kesho turudie," mjukuu akasema. "Watoto wavue viatu. Na wewe mama, ulie kidogo tu."

Jirani alikuwa anasugua kibuyu ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa, vile tunavyofanya kabla ya kuweka mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Hakuinua kichwa.

"Nililia nikimzika mume wangu, msichana wangu. Hiyo si ya kuonyesha watu."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikachukua kibuyu kingine. Tukasugua.

Jirani akamwambia mjukuu, "Chukua video ya hii mikono. Nitaongea mwenyewe."

Akaongea: "Nilikuwa mchuma chai. Upepo umechukua paa langu. Najua kutengeneza mursik. Anayetaka aniambie." Basi. Mjukuu akaiweka mtandaoni hivyo.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mama mwenye hoteli pale mjini Mulot. Alitaka mursik kila siku ya soko, na akalipa mapema kwa simu. Wengine wakafuata, si wengi, ila pesa zao zilitosha kununua mabati. Fundi alipigilia ya mwisho mvua ikimnyeshea, akashuka amelowa chapachapa, anacheka.

Jirani akakunja blanketi zake akaenda kwake. Jikoni kukawa kimya mpaka nikachukia kuingia.

Usiku huo nikawaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kuanzia leo, katika boma hili hakuna atakayemwelekezea mtu simu kabla hajamuuliza anataka aonekane vipi. Na ukishauliza, kaa chini, funga mdomo, ungoje ajibu."