Gari Lililolala Vizuri

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mzee hupiga magoti kukagua sinia aliloliweka chini ya gari lake la kale la Kiingereza, lile la viti viwili lisilo na paa. Akikuta oili imedondoka matone machache tu, hutabasamu: "Limelala vizuri." Huliwasha likanguruma dakika tano, akalizima, akalifunika kwa shuka.

Leo mkewe alitoka akichechemea kwenda kliniki, goti limevimba kama boga. Mzee alimfungulia geti kwa heshima zote. "Taratibu, mama watoto, mkoba usije ukaparuza rangi ya gari."

Binti yao, anayeona haya hata kuomba chumvi mezani, alijikaza. "Baba, kwa nini usimpeleke mama na gari?"

"Mama yako akiharibika, hospitali ipo," alijibu, akinyoosha shuka. "Hili spea zake hazitengenezwi tena."